Nani Anahesabu Saa za Dereva?

Tulikuwa tumeshateremka Kitonga, mibuyu ya Ruaha Mbuyuni ikipita mmoja mmoja kwenye mwanga wa taa, dereva alipofungua kioo na kutia bazoka nyingine mdomoni. "Piga stori basi, mbona kimya?" akamwambia kondakta. Kijana wa watu akajikongoja kutoka usingizini, akaanza habari za Simba na Yanga. Ilikuwa kama saa 10 alfajiri. Mimi niliyekaa kiti cha mbele nilikoma kusinzia palepale. Nilitaka kujua jambo moja tu: huyu baba ameshika usukani tangu saa ngapi, na zaidi yake nani anajua?

Swali hilo lina karibu miaka 100. Uingereza ililijibu kwa sheria mwaka 1930: dereva wa basi au lori asiendeshe mfululizo kupita saa 5 na nusu, wala kupita saa 11 katika siku. Marekani ikafuata. Sheria ya 1935 iliyaweka malori na mabasi yanayovuka majimbo chini ya tume ya serikali, na kanuni za kwanza za saa zikatoka mwishoni mwa 1937. Vyama vya wafanyakazi vikalalamika kwamba bado dereva anakamuliwa mno, na mwaka uliofuata kikomo kikawa saa 10 za usukani.

Kuweka namba kulikuwa kazi nyepesi. Kazi ilikuwa kumpata shahidi. Marekani ilimkabidhi dereva daftari ajaze mwenyewe: saa hii nimeendesha, saa hii nimelala. Na mtu huyohuyo analipwa kwa maili. Akiandika ukweli, mfuko wake unapungua; akiandika uongo, nani atamuumbua? Wapo waliobeba madaftari mawili, moja la kumwonyesha askari na jingine la kweli. Lile la uongo wenyewe waliliita kitabu cha katuni.

Ujerumani Magharibi ilipita njia nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 iliyalazimisha malori makubwa kufunga takografu, na mwaka 1970 Jumuiya ya Ulaya ikakifanya kifaa hicho kuwa sharti la nchi zake zote. Ndani yake kulikaa kisahani cha karatasi iliyopakwa nta, upana wake kama kisosi cha chai, pembezoni kimechapwa saa 24. Kabla ya kuondoka dereva aliandika katikati jina lake, mahali anapoanzia na kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi, kisha akakifungia. Kisahani kilizunguka polepole pamoja na saa huku sindano zikikwaruza nta: mstari wa mwendo ukipanda na kushuka kama vilima, mwingine ukinenepa gari likitembea na kukonda likisimama. Mkaguzi aliyeizoea kazi alikishika tu akaisoma siku nzima ya mtu, hadi dakika alizosimama kunywa chai.

Madereva wa Uingereza walikiita jasusi wa kwenye kebini, na serikali yao ikawa inasitasita mpaka Mahakama ya Ulaya ilipoamua dhidi yake mwaka 1979. Nawaelewa, hakuna anayependa kuchunguliwa kazini kutwa. Lakini naamini kile kisahani kilimpa dereva kitu ambacho daftari halikuweza kumpa, yaani sababu ya kumkatalia tajiri anayepiga simu kusema, "Songa mbele, utalala ukifika."

Huku kwetu namba tunazo. Kenya iliandika kwenye kifungu cha 66A cha Sheria ya Trafiki, katika marekebisho ya 2012, kwamba dereva wa gari la abiria au la biashara asiendeshe kupita saa 8 katika saa 24. Kwenye kebini hakukuwa na kisahani. Alfajiri ya Desemba 31, 2017, basi na lori yaligongana uso kwa uso Migaa, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, watu zaidi ya 30 wakafa. Mamlaka ya usafiri ya Kenya ikasimamisha safari za usiku za mabasi.

Tanzania ilikuwa imeufunga usiku tangu miaka ya 1990. Pasipokuwa na wa kuhesabu saa za dereva, giza lenyewe ndilo lililopigwa marufuku. Mabasi yakawa yanatoka saa 12 asubuhi yakikimbizana na jua, na uchovu ukahamia mchana. Malori hayakuguswa, yaliendelea kukesha njiani kuelekea Tunduma.

Juni 2023 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza bungeni kwamba mabasi yataruhusiwa kutembea usiku, na Oktoba safari zikaanza. Safari hii kuna mfumo wa kufuatilia mwendo wa basi na kitufe cha kumtambua dereva. Na safari inayopita saa 8 inatakiwa iwe na madereva wawili.

Katika basi letu alikuwepo wa pili. Alijilaza kwenye korido, kichwa juu ya begi, chini ya spika iliyokuwa ikipiga muziki usiku kucha. Kila tuta lilimrusha. Tulipoingia Msamvu, Morogoro, kondakta alimtikisa bega, naye akanawa uso kwa maji ya chupa, akakaa kwenye usukani. Kwa hesabu za kanuni, alikuwa ametoka kupumzika.