Hela: Sarafu za Shaba na Ushahidi wa Maandishi Yake katika Bukoba na Muleba

Neno hela, ambalo leo katika Tanzania Bara lina maana ya fedha kwa jumla, lilikuwa jina la sarafu ndogo ya shaba. Asili yake ni mji wa Hall nchini Ujerumani. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni iliigawa rupia moja katika hela 100. Waingereza walipoleta shilingi katika miaka ya 1920, sarafu ilitoweka mikononi lakini neno likabaki midomoni. Ndiyo maana sarafu kongwe ikifukuliwa shambani huko Bukoba au Muleba, huitwa upesi "hela ya Mjerumani" na kudhaniwa kuwa ni mali adimu. Dhana hiyo huwanufaisha walaghai, na inafaa ipimwe.

Kabla ya ukoloni, Wahaya walitumia simbi katika biashara na mahari. Emin Pasha alianzisha kituo cha Wajerumani Bukoba mwaka 1890, na kodi iliyotangulia kutozwa katika koloni mwaka 1898 iliwalazimu watu kutafuta sarafu. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, ziwa liliiunganisha Bukoba na Mombasa. Kwa hiyo, sarafu moja mkononi mwa mkulima wa kahawa wa Kamachumu inaweza kuwa imetoka pande nyingi.

Kigezo cha kwanza cha uadimu ni idadi, wala si umri. Mfano mzuri ni pesa ya shaba ya kampuni ya Kijerumani, iliyotolewa kati ya 1890 na 1892. Upande mmoja una maandishi ya Kijerumani; wa pili una maandishi ya Kiarabu pamoja na mwaka wa Hijria. Upande wa Kijerumani ukichakaa, asiyejua kalenda hiyo husoma 1309 na kudai kwamba sarafu ina miaka mia saba. Kumbe 1309 ni sawa na 1891 na 1892, na mwaka 1892 pekee zilitengenezwa zaidi ya milioni 27. Ni kongwe, lakini si adimu.

Kinyume chake ni sarafu za Tabora za mwaka 1916. Vita vilipozuia sarafu kutoka Ulaya, Wajerumani walizitengeneza katika karakana ya reli. Rupia 15 ya dhahabu, yenye picha ya tembo, ilifikia takribani 16,000 tu. Hela 20 za shaba na shaba nyeupe zilizidi milioni moja; hata hivyo, umbo la taji na ncha za herufi L hutofautiana kutoka muhuri mmoja hadi mwingine, na baadhi ya miungano hiyo ni nadra.

Kigezo cha pili ni hali. Anayeisugua sarafu kwa majivu au ndimu ili ing'ae huifuta ngozi yake ya kale, na pamoja nayo sehemu kubwa ya thamani.

Hivyo basi, sarafu ni matini. Thamani yake hudhihirika kwa anayesoma lugha zake, tarakimu zake na herufi zake. Asiyezisoma huuza kilicho adimu kwa bei ya chuma chakavu, au hununua kilicho tele kwa bei ya ng'ombe.