Kisa cha Shairi: Watunzi wa Pwani na Wanaowauliza, tangu Mwalimu Sikujua hadi Ustadh Mau

Muda mfupi kabla ya Siti binti Saad kufariki dunia mwezi wa Julai 1950, Shaaban Robert alikutana naye akamsaili juu ya maisha na sanaa yake. Aliyeuliza alikuwa mshairi. Aliyeulizwa alikuwa mwimbaji ambaye sauti yake, kwa njia ya santuri, ilikuwa imekwisha kuingia katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki. Matunda ya maongezi hayo ni kitabu cha Wasifu wa Siti binti Saad, kilichotolewa mwaka 1958 kama nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Msomaji anayekifungua kitabu hicho ili ajue Shaaban aliuliza nini, na Siti alijibu kwa maneno gani, harudi na kitu. Majibu yameyeyushwa ndani ya nathari ya mwandishi, na maswali hayamo kabisa.

Makala hii inafuatilia maswali ya namna hiyo. Wataalamu wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuyatumia mazungumzo na watunzi kama kisima cha kuchotea habari: tarehe ya kuzaliwa, majina ya walimu, maana ya beti ngumu. Mara chache yamechunguzwa yenyewe kama tukio lenye historia yake. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba katika muda wa karne moja na zaidi swali lenyewe limebadilika. Zamani mtunzi wa pwani, au aliyemrithi kwa kumbukumbu, aliulizwa *kisa* cha shairi: lilitungwa lini, kwa sababu gani, likimjibu nani. Siku hizi anaulizwa *msukumo* wake. Swali la kwanza linatazama nje, kwa watu na matukio. La pili linatazama ndani, katika nafsi ya mtu mmoja. Tofauti hiyo si ndogo kwa ushairi ambao sehemu yake kubwa ni majibizano.

Mfano wa awali ulio wazi unatoka Mombasa katika miaka ya 1880. Mmisionari W. E. Taylor alikuwa akikusanya mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840. Muyaka mwenyewe hakuwapo tena kuulizwa. Aliyeifanya kazi hiyo iwezekane ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, naye mtunzi, aliyeyakusanya mashairi hayo kutoka vinywani mwa waliokuwa wakiyakumbuka. Sikujua hakutosheka na beti tupu, bali alizipokea pamoja na visa vyake. Mtu asiyejua kwamba Muyaka alikuwa upande wa Mazrui dhidi ya Sayyid Said wa Unguja atayasoma mashairi yake ya vita kama majigambo tu, na mtu asiyejua ugomvi wa mtaani hataona kwamba shairi fulani la mapenzi huenda si la mapenzi hata kidogo. Hichens alipoitoa *Diwani ya Muyaka* mwaka 1940, na Mohamed Abdulaziz alipochapisha uchunguzi wake mwaka 1979, wote wawili walikuwa wakisimama juu ya mabega ya Sikujua. Ni haki kumwita mhoji wa kwanza wa fasihi ya Kiswahili tunayemjua kwa jina, ingawa vitabu vingi humtaja kama msaidizi wa Taylor.

Lamu palikuwa na hali nyingine. Muhamadi Kijuma, aliyezaliwa katikati ya karne ya 19 na kufariki mwaka 1945, alikuwa mchonga milango na masanduku, mwenye hati nzuri, mpigaji ala, mchezaji ngoma na mtunzi. Wageni waliomwendea, miongoni mwao Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, walimtaka hasa kwa mkono wake: awanakilie tenzi. Alinakili, akalipwa, na kwa sababu hiyo tenzi kadhaa tunazozisoma leo zimetufikia. Lakini kuagizwa hati ni jambo moja, na kuulizwa juu ya kazi yako ni jingine. *Utendi wa Fumo Liyongo* wa mwaka 1913 umeandikwa kwa mkono wa Kijuma. Wengi humhesabu kuwa ndiye mtunzi. Wengine wamejiuliza ni kiasi gani cha utendi huo ni chake na ni kiasi gani alikipokea kwa wakongwe. Swali hilo angelijibu yeye kwa sentensi mbili. Waliokaa naye walikuwa na hamu ya Liyongo kuliko ya mtu aliyekuwa mbele yao ameshika kalamu.

Hata hivyo Kijuma hakunyamaza. Barua zake kwa wataalamu hao, ambazo Gudrun Miehe na Clarissa Vierke walizishughulikia katika kitabu chao cha mwaka 2010, zina habari za hati alizoagizwa na za malipo. Anayezisoma kwa haraka atasema ni mambo ya fedha tu. Ukweli ni kwamba hapo ndipo msanii huyu anapoongea juu ya kazi yake kwa namna anayoitaka mwenyewe, na anayoitaka ni kwamba sanaa ni kazi yenye ujira. Jibu hilo ni halali sawa na jingine lolote kuhusu chanzo cha utunzi, na huenda ni la kweli zaidi kuliko mengi yanayotolewa mbele ya kinasasauti.

Turudi kwa Siti, maana kwake ndiko tatizo lilikozidi. Alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo mwaka 1880, katika familia yenye asili ya utumwa, akaitwa Mtumwa. Aliuza vyungu akivitembeza huku akiimba ili wanunuzi wasikie kwamba anapita. Alihamia mjini mwaka 1911, akafundishwa muziki, na mwaka 1928 alikwenda Bombay na wenzake kurekodi santuri za kampuni ya His Master's Voice. Mambo haya yanajulikana kwa wengi, na yanajulikana kwa sehemu kubwa kwa sababu Shaaban Robert aliyaandika.

Lakini Shaaban alikuwa Shaaban. Uzito wa wasifu wake uko katika tabia: subira ya mwanamke aliyedharauliwa kwa asili yake na kwa sura yake, akashinda kwa kipaji na mwenendo mwema. Msomaji wa *Kusadikika* na *Maisha Yangu* anaitambua sauti hiyo mara moja. Siti wa kitabu ni mfano wa kuigwa, na katika ulimwengu wa Shaaban mfano wa kuigwa huzungumza kwa sauti ya hekima, si kwa sauti ya mtu wa Ng'ambo anayejua nani amepelekwa mahakamani wiki hii. Hakuna sababu ya kumlaumu. Mwaka 1950 kuandika kwa Kiswahili wasifu wa mwanamke mwimbaji, tena aliyezaliwa na wazazi wa asili ya utumwa, na kumwandikia kwa heshima iliyozoeleka kutolewa kwa masheikh na masultani, lilikuwa tendo la ujasiri. Ila heshima ilikuwa na gharama yake: kile ambacho Siti angeweza kusema juu ya nyimbo zake, wimbo kwa wimbo, kilipita bila kuandikwa.

Ukubwa wa hasara hiyo unaonekana katika wimbo wa "Kijiti". Unasimulia mauaji ya mwanamke aliyetoka Dar es Salaam kwenda Unguja kutembea. Muuaji alitoroka, na wanawake waliotoa ushahidi ndio walioadhibiwa. Laura Fair, aliyechapisha utafiti wake mwaka 2001, alikwenda Zanzibar kuuliza maana ya nyimbo za Siti miongo minne na zaidi baada ya mwimbaji kufariki. Waliomjibu ni wazee waliozisikia nyimbo hizo zilipokuwa mpya. Wao ndio waliokuwa na kisa. Walijua ni nani aliyekuwa akisemwa, ni hakimu gani aliyechukiwa, na kwa nini watu wa Ng'ambo waliuona wimbo huo kama hukumu ya pili iliyotolewa na wao wenyewe baada ya ile ya serikali kuwaudhi.

Hapa pana jambo ambalo nadharia za fasihi zinazomweka mtunzi kitovuni huliona kwa shida. Kisa cha wimbo wa taarabu si mali ya mwimbaji peke yake. Kimegawanywa baina ya aliyeutunga, aliyeuimba, aliyeimbiwa na aliyekaa kando akacheka kwa kuelewa. Ukimhoji mmoja tu umepata kipande. Zaidi ya hayo, fumbo lina sheria yake. Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataligangua. Mtunzi anayeligangua mwenyewe mbele ya mgeni amekwisha kuliharibu, na pengine amejitia matatani na jirani. Kwa hiyo mtunzi anapomwambia mtafiti kwamba wimbo wake ni wa mapenzi tu, au kwamba hakumkusudia mtu, mtafiti asikimbilie kuliandika hilo kama ushahidi. Huenda ameshuhudia adabu ya sanaa ikifanya kazi yake. Bi Kidude, aliyeziimba nyimbo za Siti hadi uzeeni na kufariki Aprili 2013, aliulizwa umri wake na waandishi wa habari wa mataifa mengi kuliko alivyoulizwa juu ya wimbo wowote. Wengi waliridhika na hadithi ya bibi mkongwe avutaye sigara. Nyimbo zenyewe zilikuwa pale pale.

Kwa Abdilatif Abdalla swali la kisa liligeuka kuwa swali la hatari. Mwaka 1969 alifungwa miaka mitatu kwa sababu ya waraka wa *Kenya: Twendapi?*, na mashairi aliyoyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni yakatolewa gerezani na kuchapishwa mwaka 1973 kwa jina la *Sauti ya Dhiki*. Mwaka uliofuata diwani hiyo ilipewa Tuzo ya Jomo Kenyatta, yaani tuzo yenye jina la kiongozi ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtunzi. Shairi kama "Mamba" lilisomwa na wengi kama fumbo la mwenye nguvu anayejivunia nguvu zake. Kwa miaka hiyo kumtaka mtunzi aeleze fumbo hilo hadharani kungekuwa kumtaka ajiandikie hati ya mashtaka.

Maelezo yalikuja baadaye, ugenini. Baada ya kutoka gerezani Abdilatif alifanya kazi Dar es Salaam, kisha BBC London, kisha akafundisha Leipzig. Katika kitabu cha mwaka 2016 kilichohaririwa na Rose Marie Beck na Kai Kresse kumhusu yeye kama mshairi na mwanasiasa, na katika mazungumzo mengine mengi, kinachovutia ni jinsi anavyolipokea swali la msukumo. Aghalabu halijibu kwa kuzungumzia nafsi yake. Anawataja watu: Ahmad Basheikh bin Hussein, mshairi aliyemlea, ndugu zake Ahmad Nassir na Sheikh Abdilahi Nassir, Mombasa na majibizano yake. Yaani anaulizwa msukumo, anajibu kisa. Mtu aliyekaa miaka mingi studioni alijua vizuri kinachotokea jibu linapokatwa na swali kutupwa, na ni vigumu kuamini kwamba namna hiyo ya kujibu ilikuwa ya bahati nasibu.

Lamu ya miaka ya 1970 inatoa picha kamili zaidi ya kile kinachopotea. Katika ushindani wa uchaguzi wa katikati ya muongo huo, mashairi ya pande mbili yalirekodiwa kwenye kaseti na kusikilizwa mitaani, shairi likilijibu shairi. Majibizano hayo yanajulikana kwa jina la Kimwondo, na Assibi Amidu aliyachunguza katika kitabu alichokitoa mwaka 1990. Hakuna beti ndani yake iliyotokana na upweke. Kila mtunzi alikuwa na masikio ya jirani zake, na jibu la wapinzani lingefika kabla mkanda wake haujachakaa.

Kutoka katika mazingira hayo alikuja Mahmoud Ahmed Abdulkadir, Ustadh Mau, aliyezaliwa mwaka 1952, imamu wa msikiti wa Pwani mjini Lamu. *Wasiya wa Mabanati*, alioutunga mwaka 1974 kuwausia wasichana, ulisambaa kwa sauti kabla ya kufika kwenye karatasi za wataalamu. Mashairi yake mengi huanzia kwenye tukio la mji au ombi la mtu, na ndiyo maana anapozungumza na watafiti ni wepesi kwake kusema nani alikuja na haja gani, kuliko kusema alijisikiaje. Mkusanyo wa mashairi yake uliohaririwa na Annachiara Raia na Clarissa Vierke mwaka 2023 umetokana na kukaa naye na kurudi kwake mara nyingi. Tofauti na enzi za Kijuma, mwenye kalamu ameketi mezani akiwa na jina lake.

Hata hapo lipo jambo moja dogo linalosumbua. Ustadh Mau hutunga kwa Kiamu. Mazungumzo yakifanyika kwa Kiamu kisha yakachapishwa kwa Kiswahili sanifu, au kwa lugha ya Ulaya, neno kama *mbwene* huwa "nimeona", na tofauti baina ya alichosema kwa mtu wa kwao na alichosema kwa mgeni hufutika palepale, bila yeyote kukusudia. Mkanda wa sauti unayo tofauti hiyo. Unalo pia swali, kwa sauti ya aliyeuliza, pamoja na kimya kilichopita kabla mtunzi hajaamua ajibu lipi.