Safu ya Lugha: Santuri haipakuliwi

Juzi redioni mtangazaji katuhimiza "tupakue santuri mpya" ya msanii fulani. Santuri haipakuliwi, ndugu yangu. Hubebwa kwapani, na zile za zamani zikianguka huvunjika kama sahani ya udongo. Neno lilitujia kutoka Kiarabu, na huko ni ala ya nyuzi inayogongwa kwa vijiti viwili. Waswahili tukaivisha neno hilo ile sahani nyeusi yenye mifereji, na wengine hata mashine yake, ingawa mashine ina jina lake: gramafoni. Mwimbaji Siti binti Saad aliporekodiwa Bombay mwaka 1928, sauti yake ilirudi Zanzibar kwenye santuri za mizunguko 78 kwa dakika. Unaweka sindano, inakwaruza kidogo, ndipo muziki unaanza. Dakika chache tu, unageuza upande wa pili.

Kanda ni utepe. CD nayo ni sahani, ila husomwa kwa mwanga. Kilichomo simuni ni faili, tarakimu tupu, na hilo ndilo hupakuliwa. Mcheza santuri mwenye kompyuta tu? Huyo nimemsamehe, cheo kimeshamkaa. Wewe mtangazaji, sema wimbo, au sema albamu.