Umeme Nje ya Gridi: Utafiti Wahama Kutoka Kwenye Paneli Kwenda Kwenye Matumizi

Tanzania Bara ina vijiji 12,318 na vitongoji 64,359. Tofauti kati ya takwimu hizo mbili ndiyo inayoeleza kazi iliyopo mbele ya Wakala wa Nishati Vijijini (REA), chombo kilichoanzishwa kwa Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005. Nguzo ikishafika makao makuu ya kijiji, bado kunakuwa na kitongoji kilichopo ng'ambo ya bonde, kambi ya wavuvi, au kisiwa ambacho waya hauwezi kufika bila kebo ya chini ya maji. Ni katika maeneo ya aina hiyo ambapo gridi ndogo na mifumo ya umemejua ya majumbani hubaki kuwa njia ya gharama nafuu zaidi, na ni huko ambako watafiti wa nishati jadidifu wameelekeza macho katika miaka ya karibuni.

Kwa muda mrefu swali kuu la utafiti lilikuwa namna ya kuzalisha umeme kwa bei nafuu. Swali hilo limejibiwa kwa kiasi kikubwa. Kwa mujibu wa Wakala wa Kimataifa wa Nishati Jadidifu (IRENA), gharama ya kuzalisha umeme kwa jua duniani ilishuka kwa takribani asilimia 90 kati ya mwaka 2010 na 2023. Bei ya betri za lithiamu nayo ilishuka kutoka zaidi ya Dola za Marekani 1,000 kwa kila kilowati-saa ya uwezo mwaka 2010 hadi chini ya Dola 150 mwaka 2023.

Pamoja na unafuu huo, umeme wa gridi ndogo ya kijijini umeendelea kuwa ghali kuliko wa gridi ya Taifa, na sababu yake haipo kwenye paneli. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2022 kuhusu gridi ndogo ilikadiria kuwa mtambo wa umemejua uliojengwa na kuendeshwa vizuri huzalisha uniti moja kwa senti 38 za Dola, iwapo umeme unaotumika ni asilimia 22 tu ya uwezo wa mtambo. Matumizi yakipanda hadi asilimia 40, uniti hiyohiyo hushuka hadi senti 28. Mtambo ni uleule na jua ni lilelile; kilichobadilika ni kiasi cha umeme kinachonunuliwa.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Jua huwa kali mchana, ilhali kaya nyingi za vijijini huwasha taa, redio na televisheni baada ya magharibi. Umeme wa mchana hulazimika kuhifadhiwa kwenye betri, ambayo ndiyo sehemu ya mtambo inayochakaa mapema, au hupotea kabisa kwa kukosa mtumiaji. Watafiti kwa hiyo wamegeukia shughuli za mchana: mashine za kusaga na kukoboa, vinu vya kukamulia alizeti, pampu za umwagiliaji, karakana za uchomeleaji na majokofu ya kugandishia barafu. Katika kisiwa cha Ukara, wilayani Ukerewe, ambako mtambo wa mseto wa umemejua ulianza kazi katika kijiji cha Bwisya mwaka 2016, jambo hili linaeleweka bila maelezo marefu. Samaki asiye na barafu huuzwa siku hiyohiyo kwa bei yoyote itakayotajwa na mnunuzi.

Eneo jingine linalovuta utafiti ni kupikia kwa umeme. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 umelenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Majaribio yaliyofanyika nchini, ikiwemo ya shirika la TaTEDO, yameonesha kuwa jiko la presha la umeme linaweza kuivisha sufuria ya maharage kwa chini ya uniti moja. Hata hivyo, jiko moja huvuta takribani kilowati moja linapopasha moto. Kaya 50 zikiwasha kwa pamoja saa moja jioni, mtambo wa kilowati 60 unabaki na nafasi finyu kwa taa za kijiji kizima. Utafiti unaohitajika hapa ni wa bei zinazotofautiana kwa saa, na wa tabia za mapishi, kuliko wa jiko lenyewe.

Nishati jadidifu, ni vyema ikumbukwe, si jua peke yake. Nyanda za Juu Kusini zina historia ndefu ya mitambo midogo ya maji, mingi ikiwa imeanzishwa na misheni. Mtambo wa Mwenga wilayani Mufindi, wenye uwezo wa megawati 4, umekuwa ukihudumia viwanda vya chai na vijiji jirani tangu mwaka 2012, huku ziada ikiuzwa TANESCO. Kwa kuwa mto hupungua wakati wa kiangazi, msimu ambao upepo wa Mufindi huongezeka, mitambo ya upepo ya megawati 2.4 iliongezwa ili chanzo kimoja kizibe pengo la kingine. Mpangilio wa namna hiyo hauwezi kubuniwa bila kumbukumbu za miaka kadhaa za mvua na upepo wa eneo husika.

Kwa upande wa tungamotaka, shamba la mkonge la Hale mkoani Tanga lilijengewa mtambo wa majaribio wa kuzalisha umeme kwa biogesi ya masalia ya mkonge. Nyuzi ni takribani asilimia 4 tu ya uzito wa jani, hivyo malighafi ya gesi ni nyingi kuliko zao lenyewe.

Suala linalowagusa wawekezaji na wananchi kwa pamoja ni hatima ya gridi ndogo pale gridi ya Taifa inapofika. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) imekuwa na utaratibu wa wazalishaji wadogo, yaani wenye mitambo isiyozidi megawati 10, tangu mwaka 2008, na mitambo iliyo chini ya megawati moja haihitaji leseni, bali husajiliwa. Chini ya kanuni hizo, gridi inapofika mmiliki anaweza kuiuzia TANESCO umeme wake, au kununua umeme kwa jumla na kuendelea kuusambaza kwa wateja wake, au kuachia miundombinu na kulipwa fidia. Nguzo na nyaya zilizojengwa chini ya viwango vya gridi ya Taifa haziwezi kuunganishwa, jambo linalomlazimu mwekezaji kuamua mapema, kabla ya kuchimba shimo la kwanza, iwapo ataingia gharama ya ziada kwa ajili ya siku ambayo huenda iko mbali.