Nyika na Kisiwa: Njia Mbili za Msafiri wa Shinyanga na Geita

Utamaduni wa taifa aghalabu hutafutwa katika ngoma, katika mavazi, katika methali na masimulizi ya wazee. Ni nadra mtu kuutafuta katika safari ya kwenda kutazama wanyama wa porini, kwa kuwa safari za namna hiyo zimezoeleka kuhesabiwa kuwa ni shughuli ya wageni wenye fedha. Sisi hatukubaliani na mazoea hayo. Kwa mkazi wa Shinyanga, au wa ukanda wa dhahabu wa Geita, swali la kwamba aende wapi akitaka kuwaona wanyama ni swali linalohusu nchi yake ilivyokuwa, na jinsi ilivyofikia kuwa kama ilivyo leo.

Swali lenyewe huulizwa hivi. Mwalimu, au mchimbaji, au mkulima wa pamba aliyepata bei nzuri, amejiwekea akiba ya safari moja tu yeye na wanawe. Je, aelekee mashariki, apite Magu na Lamadi mpaka lango la Ndabaka, aingie Serengeti? Au aelekee magharibi, afike Geita, ashuke Nkome au Muganza, apande mashua mpaka kisiwa cha Rubondo? Mahali hapa pawili hapafanani hata kidogo. Serengeti ni nyika yenye eneo linalokaribia kilomita za mraba 15,000, jicho linakimbia mpaka linachoka, na nyumbu wake huhesabiwa kwa laki. Rubondo ni kisiwa chenye msitu, urefu wake wapata kilomita 28, na hifadhi nzima, pamoja na maji yake, haifiki kilomita za mraba 460. Huko simba hayuko wala chui hayuko. Wako nzohe wanaojificha katika matete, viboko, mamba, fisi maji, pongo, furukombe juu ya miti, na ndani kabisa ya msitu wako sokwe, ambao mtu anaweza kuwatafuta kutwa nzima akaambulia kusikia kelele zao tu.

Kabla hatujapima lipi ni bora, yafaa tuulize jambo ambalo wengi hawaliulizi: kwa nini mtu wa Shinyanga alazimike kusafiri ili amwone pofu au twiga? Wazee wa wazee wake hawakusafiri. Wanyama walikuwa nje ya boma. Jamii za Wasukuma zilikuwa na vyama vya wawindaji vyenye miiko, dawa na ngoma zake. Mpaka leo ngoma ya Banunguli, waliokuwa wawindaji wa nungunungu, na ile ya Bayeye, mafundi wa nyoka, hukumbukwa, na anayetaka kuona vifaa vya watu hawa hana budi kufika katika makumbusho ya Bujora karibu na Kisesa. Utamaduni wa kuwinda haukuzuka hewani. Ulitoka katika nchi yenye wanyama.

Nchi hiyo iliharibikiwa kwa awamu. Katika miaka ya 1890 sotoka iliingia Afrika Mashariki, ikaangamiza ng'ombe, ikaangamiza pia nyati na nyumbu. Mahali palipokuwa malisho pakaota vichaka, na baadaye wanyama wa porini walipoanza kuongezeka tena vichakani humo, mbung'o akaja nyuma yao. Mwaka 1922 ugonjwa wa malale ulizuka Maswa. Serikali ya Waingereza ilikuwa ngeni nchini, na hofu yake ilikuwa kubwa. Aliyepewa kazi ya kupambana na mbung'o alikuwa C. F. M. Swynnerton, na hapa historia ina kejeli yake, maana mtu huyo ndiye aliyekuwa amewekwa mwaka 1919 kuwa mkuu wa kwanza wa idara ya kuwatunza wanyama wa porini wa Tanganyika. Mlinzi wa wanyama akawa adui wa vichaka walimokaa. Kituo cha utafiti kilijengwa Shinyanga ya zamani, na Swynnerton akaiongoza kazi hiyo mpaka alipokufa kwa ajali ya ndege mwaka 1938.

Kazi ilifanywa kwa shoka na kwa moto. Watemi walitakiwa kutoa watu, na watu wakatoka kwa maelfu wakati wa kiangazi kufyeka miti ya nchi yao wenyewe. Tusiseme kwamba walilazimishwa tu. Mfugaji aliyekwisha kuona ng'ombe wake wakikonda na kufa kwa nagana hakuhitaji kusukumwa sana ili aukate mgunga uliomhifadhi mbung'o. Na ng'ombe waliongezeka kweli. Lakini katika miaka ya 1940 mambo yalikwenda hatua moja zaidi: likafanywa Shinyanga jaribio la kuwaua wanyama wa porini wenyewe kwa bunduki, mwaka baada ya mwaka, katika eneo lililochaguliwa, ili ionekane kama mbung'o atakufa njaa akikosa damu yao. Maelfu waliuawa. Matokeo yakaandikwa katika majarida ya wataalamu wa wadudu, nayo yasomeka hadi leo.

Twaomba msomaji alitazame jambo hili vizuri, maana ndiyo kiini cha makala haya. Serikali ile ile iliyokuwa ikiua wanyama Shinyanga ndiyo iliyokuwa ikitayarisha sheria ya kuwalinda wanyama wa aina zile zile upande wa mashariki, mwendo wa siku chache tu kwa miguu. Serengeti ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1951. Upande mmoja wa mstari mnyama alikuwa hatari kwa ng'ombe, upande wa pili alikuwa hazina ya dunia, naye mnyama hakujua mstari uko wapi. Mwananchi naye aliujua kwa kukamatwa.

Wamaasai walitia sahihi mwaka 1958 ya kuondoka katika nyika ya Serengeti, wakahamia Ngorongoro, ambayo mwaka 1959 ilitengwa na hifadhi. Upande wa magharibi Waikoma, Wanata na Wasukuma walikatazwa kuwinda mahali ambapo baba zao waliwinda. Mwaka 1962, nchi ikiwa imekwisha kupata uhuru, likaongezwa Pori la Akiba la Maswa, lililopakana na vijiji vya Wasukuma. Mipaka yake imesogezwa zaidi ya mara moja kwa sababu ya watu na mifugo kulisogelea. Hivyo neno la heshima, mwindaji, likageuka kuwa neno la mahakamani, jangili. Hatusemi kwamba ujangili si kosa. Wale waliowamaliza faru hawakuwa Banunguli. Twasema tu kwamba kijana anayeicheza ngoma ya wawindaji kwenye sherehe za kitaifa anacheza kazi ambayo babu yake angefungwa kwa kuifanya.

Liko jambo lingine ambalo viongozi wa watalii hawalisemi vya kutosha. Wingi wa nyumbu tunaousifu leo haukuwako daima. Mwaka 1961 nyumbu wa Serengeti walikuwa karibu robo milioni tu. Kufika mwaka 1977 walikuwa kama milioni moja na laki tatu. Walichofanyiwa ni nini? Wao wenyewe hawakufanyiwa kitu. Waliochanjwa ni ng'ombe wa wafugaji waliouzunguka mbuga, na sotoka ilipokwisha kwa ng'ombe ikakosa njia ya kuwafikia nyumbu. Mfugaji aliyesimama foleni na ng'ombe wake kungojea sindano alikuwa, bila ya kujua, anaijaza Serengeti. Mtu wa Meatu au wa Bariadi anapoingia lango la Ndabaka asiingie kama mgeni aliyekaribishwa. Ana sehemu yake humo.

Tugeukie sasa magharibi. Geita ina historia nyingine. Katika miaka ya 1940 na 1950 serikali ya kikoloni iliona kwamba Usukuma umejaa watu na ng'ombe, ikafungua nchi ya Geita. Misitu ikafyekwa, Wasukuma wakavuka wakalima pamba katika nchi ambayo awali ilikuwa hasa ya Wazinza. Dhahabu nayo ilikuwa ikichimbwa tangu miaka ya 1930, na mgodi hula miti. Mgodi ule wa zamani ulifungwa mwaka 1966. Mpya na mkubwa zaidi ukafunguliwa mwaka 2000, na Bulyanhulu, katika wilaya ya Kahama wakati huo, ikafuata mwaka 2001. Mtoto aliyezaliwa karibu na machimbo leo amezoea vilima vya kifusi kuliko msitu.

Mwaka huo huo wa 1966, mgodi ulipofungwa, kisiwani Rubondo kulitokea jambo la ajabu. Kisiwa kilikuwa kimefanywa pori la akiba mwaka 1965. Wavuvi na wakulima wa Kizinza waliokikalia walihamishiwa bara na visiwa vya jirani. Kisha wakaletwa wakazi wapya. Bernhard Grzimek, Mjerumani aliyekuwa amekwisha kujulikana kwa maandishi na filamu yake juu ya Serengeti, ambako mwanawe Michael alikufa kwa ajali ya ndege mwaka 1959, alikusudia kukifanya kisiwa hiki mahali pa usalama kwa wanyama waliokuwa hatarini. Kati ya mwaka 1966 na 1969 waliachiliwa humo sokwe 17 waliotoka Ulaya. Wengi wao walikuwa wamekamatwa wangali wachanga katika misitu ya Afrika Magharibi, wakalelewa nyuma ya vyuma katika bustani za wanyama. Hawakujua mti upi una tunda la kuliwa, wala namna ya kulala juu ya mti. Walijifunza. Wakazaa, na wajukuu wao ndio wanaofanya tundu zao leo katika msitu ule. Waliletwa pia faru, twiga, tembo na mbega. Faru hawakudumu. Mwaka 1977 kisiwa kikawa hifadhi ya taifa.

Basi ukizitazama hifadhi hizi mbili kwa jicho la historia, tofauti yao kubwa si nyika na msitu. Serengeti watu waliondolewa ili wanyama waliokuwapo wabaki. Rubondo watu waliondolewa ili wanyama wasiokuwapo waje. Nayo Shinyanga, nyumbani, wanyama waliondolewa ili watu na ng'ombe wakae. Sera tatu katika nchi ambayo mtu angeweza kuivuka kwa majuma machache ya miguu, na katika maisha ya mzee mmoja.

Tukiulizwa ushauri, hatutakwepa. Wako watakaosema Rubondo ni karibu, ni kimya, haina msururu wa magari, na kwa mkazi wa Geita ndiyo hifadhi ya nyumbani. Yote ni kweli. Lakini Rubondo inadai subira ambayo mtoto wa miaka kumi hana. Mtu anaweza kurudi na habari za ndege na nyayo tu, na mtoto akalia njiani. Pia mtu asiyejua habari za Wazinza waliohamishwa na sokwe waliosafirishwa baharini ataiona Rubondo kama msitu uliokuwako tangu kuumbwa dunia, naye atakuwa amedanganyika na macho yake. Kwa hiyo sisi twamshauri aliye na safari moja aanze na nyika. Aingie kwa upande wa magharibi, si kwa kuzungukia Arusha kama wafanyavyo wageni, ili aione mbuga ya udongo mweusi na migunga ikiendelea kutoka shambani kwake mpaka ndani ya hifadhi bila ya kubadilika. Hapo mtoto wa Shinyanga atauliza mwenyewe kwa nini kwao hakuna pundamilia, na mzazi atakuwa na la kumjibu.

Na kwa kuwa tumeitaja Shinyanga, haki yataka tuongeze kwamba miti haikukatwa humo milele. Tangu mwaka 1986 mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, ulirudi kwenye desturi ya zamani ya Wasukuma ya kutenga ngitili, malisho yanayofungwa wakati wa masika ili ng'ombe wayapate wakati wa kiangazi. Mahali pengi vichaka vimerudi, na pamoja navyo kanga, kware, sungura na mbweha. Mbung'o hakurudi. Hakuna atakayelipa nauli kwenda kutazama sungura wa ngitili, lakini sisi tumewahi kumsimamisha mwenyeji wetu njiani ili tumtazame mmoja, naye akatucheka.

Akiba ikipatikana mara ya pili, ndipo iwe zamu ya kisiwa. Njia imekuwa fupi kwa wapitao Mwanza tangu daraja la Kigongo na Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025, na foleni ya kivuko imebaki kuwa hadithi. Msafiri achague siku zisizo na mbalamwezi, akirudi Nkome jioni atazame nyuma: wavuvi wa dagaa watakuwa wamekwisha kuwasha taa zao ziwani nje ya mpaka wa hifadhi, taa baada ya taa, ilhali kisiwa chenyewe hakina hata moja.