Wasiwasi wakati wa kukoma hedhi: njia za kujisaidia na tiba mbadala

Wasiwasi wa wakati wa kukoma hedhi ni hofu isiyo na sababu ya wazi, moyo kwenda mbio, usingizi wa mang'amung'amu na mawazo yasiyokatika, mambo yanayowapata baadhi ya wanawake katika miaka ya kuelekea mwisho wa hedhi na michache inayofuata. Mwanamke huhesabiwa kuwa amekoma hedhi akitimiza miezi 12 mfululizo bila kuona siku zake. Kwa walio wengi hilo hutokea kati ya miaka 45 na 55. Makala haya yanapima yale ambayo wanawake huyafanya wenyewe au huyatafuta nje ya hospitali, kwa kuangalia hasa mazingira ya Kwala na vijiji vya Kibaha na Kisarawe, mkoani Pwani.

Kwala ni kata ya Halmashauri ya Wilaya ya Kibaha. Wengi wameisikia kwa ajili ya reli ya kisasa na Bandari Kavu iliyozinduliwa Julai 31, 2025, lakini kabla ya makontena palikuwa na mashamba, na kabla ya kliniki palikuwa na makungwi. Katika mila ya Wazaramo, wenyeji wa sehemu kubwa ya eneo hili, damu ya kwanza ilikuwa na shughuli yake. Binti aliwekwa ndani akawa mwali, akafundwa kwa nyimbo na mafumbo chini ya mti wa mkole, akapewa kinyago kidogo cha mti kiitwacho mwana hiti, na siku ya kutolewa nje watu walicheza ngoma. Mtafiti Marja-Liisa Swantz kutoka Finland, aliyeishi na Wazaramo katika miaka ya 1960, aliyaeleza hayo kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 1970. Damu ya mwisho haina ngoma kama hiyo. Mwanamke wa miaka 48 anayeamka saa nane usiku kanga imelowa jasho, moyo ukimdunda, mara nyingi hana somo wa kumwambia kwamba hili lina jina na lina mwisho. Hujiuliza kama ni presha, kama amerogwa, au kama akili inamtoka. Ukimya huo ni sehemu ya ugonjwa, na tiba yoyote isiyougusa huacha kazi nusu.

Chanzo na vipimo vya kwanza

Kiini cha wasiwasi huu ni homoni za estrojeni na projesteroni, ambazo hupanda na kushuka bila mpangilio kabla ya kutulia chini. Mabadiliko hayo hugusa sehemu za ubongo zinazoratibu joto la mwili, usingizi na hisia. Joto la ghafla linaloletwa na mabadiliko hayo huongeza mapigo ya moyo, na mwili ukidunda hivyo, fikra hukimbilia hatari. Kisha usiku wa bila usingizi huzaa mchana wa hofu. Aliyewahi kuugua sonona au wasiwasi zamani yuko katika hatari zaidi, na maisha nayo huongeza mzigo: wajukuu walioachwa nyumbani, mzazi mgonjwa, mume aliyeoa mke mwingine.

Kabla ya kuchagua tiba yoyote ni lazima kupima. Shinikizo la damu, upungufu wa damu, kisukari na ugonjwa wa tezi ya shingo vyote vinaweza kuleta mapigo ya haraka, kutetemeka au jasho. Zahanati hupima presha, na kwa vipimo vikubwa zaidi wagonjwa wa Pwani hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Tumbi, Kibaha. Si haki kumwambia mwanamke "ni umri tu, mama" kabla hajapimwa. Na damu inayorudi baada ya mwaka mzima bila hedhi si jambo la kungojea, kwa kuwa inaweza kuwa dalili ya saratani.

Yanayofanywa

Ukizipanga njia hizi zote kwa nguvu ya ushahidi, kitu kimoja kinajitokeza: zinazofanywa na mwili na pamoja na watu zina uthibitisho mzuri kuliko zinazomezwa.

Iliyochunguzwa sana ni tiba ya mazungumzo inayomfundisha mtu kuzitambua fikra zake na kubadili mwenendo. Nchini Uingereza, Myra Hunter na wenzake walichapisha mwaka 2012 utafiti wa wanawake 140 waliokuwa wakisumbuliwa na joto la ghafla na jasho la usiku. Baadhi walikutana kwa vikundi, wengine walipewa kijitabu cha kujifundisha nyumbani, na kundi la tatu halikupewa tiba. Wa vikundi na wa kijitabu wote walipata nafuu. Joto lenyewe halikutoweka. Kilichopungua ni namna lilivyowasumbua, kwa sababu waliacha kujiambia "kila mtu ananitazama" au "nakufa", wakajifunza kupumua taratibu na kuliacha lipite. Kwamba kijitabu kilifaa ni habari njema kwa kata zisizo na mwanasaikolojia. Kinachohitajika ni kijitabu cha Kiswahili chepesi.

Mfano ulio karibu nasi zaidi unatoka Zimbabwe. Daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafunza kina bibi wa mitaani kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki, kuwasikiliza na kuwasaidia kulitatua tatizo moja baada ya jingine. Washona huiita hali ya wagonjwa hao kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, na kila msemaji wa Kiswahili anajua maana yake. Utafiti wa watu 573, wengi wao wanawake, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba waliokaa kwenye benchi hilo, liitwalo Benchi la Urafiki, walikuwa na dalili chache za wasiwasi na sonona baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Haukuwa utafiti wa kukoma hedhi, lakini mpango huo umefika Malawi na Zanzibar, na Pwani haikosi kina bibi wala mabenchi. Vikoba, jumuiya za kanisani na madarasa ya kina mama msikitini tayari huwakutanisha wanawake kila wiki. Kwenye vikoba fedha huhesabiwa hadi senti ya mwisho, lakini usingizi hauulizwi.

Dua na sala zisibezwe. Mwaka 2001 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti mdogo ulioonyesha kwamba kusali rozari kwa Kilatini hupunguza pumzi hadi kama sita kwa dakika, mwendo ambao huutuliza mfumo wa moyo. Anayevuta uradi kwa utulivu baada ya alfajiri huenda naye hupumua taratibu vivyo hivyo, na hutumia njia aliyoizoea tangu utotoni.

Kutembea kwa miguu, kulima na kucheza ngoma huinua moyo na husaidia usingizi, ingawa hayapunguzi sana joto la ghafla. Yoga nayo hufaa usingizi kwa kiasi. Kupunguza kahawa, chai nzito ya rangi na mnazi hasa nyakati za jioni ni hatua ya bure ambayo wengi huiruka wakatafuta dawa ya bei.

Yanayomezwa

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Habasoda, mlonge na majani ya aina mbalimbali huuzwa stendi na sokoni kwa ahadi ya kurudisha homoni. Hazijathibitishwa kuwa tiba ya wasiwasi huu. Mchaichai na tangawizi kwenye chai ni vinywaji vizuri, na kikombe cha jioni kinachomfanya mtu akae chini kina thamani yake. Soya, ambayo wengi tayari wanayo kwenye uji wa lishe, ina viambato vinavyofanana kidogo na estrojeni. Baadhi ya tafiti zimeona ikipunguza joto kwa kiasi. Kama chakula haina ubaya.

Kungumanga inahitaji onyo. Pwani na Visiwani huwekwa kidogo kwenye uji na vitamu, na wapo wanaoila kwa wingi ili wachangamke au walale. Takriban gramu 5 za unga wake zinatosha kuleta moyo kwenda mbio, kizunguzungu na kuona mauzauza, yaani kuzidisha kile kile mwanamke anachokikimbia.

Dawa za mimea kutoka nje nazo zinafika mijini. Blakikohoshi ya Marekani Kaskazini ilipitiwa mwaka 2012 katika majaribio 16, na ushahidi haukutosha kuipendekeza. Pia imehusishwa na visa vya ini kuumia. Mmea wa Ulaya uitwao Hypericum una nguvu fulani dhidi ya sonona, lakini hudhoofisha baadhi ya dawa za kufubaza VVU (ARV), vidonge vya uzazi wa mpango na warfarin. Kwa anayetumia ARV, hiyo ni hatari kubwa kuliko wasiwasi wenyewe.

Kujitibu kwa vidonge vya dukani ni tatizo jingine. Piriton humezwa ili kupata usingizi, na Valium hutafutwa kwa mlango wa nyuma. Valium hutuliza kweli, kisha mwili huizoea na kuidai.

Waganga, mashekhe na wachungaji

Baadhi ya wanawake wa Pwani wenye mapigo ya moyo yasiyoelezeka hufika kwanza kwa mganga. Ngoma za kupunga pepo, kama madogoli ya Wazaramo, humpa mgonjwa jambo ambalo kliniki yenye foleni haimpi: saa nyingi za kushughulikiwa na watu wanaoamini kuwa anaumwa kweli. Kombe la zafarani na kusomewa huleta faraja. Hatari iko pengine: gharama inayofilisi, jirani anayetajwa kuwa mchawi, na dawa ya presha inayoachwa. Mwaka 2011, maelfu waliofuata kikombe cha dawa cha shilingi 500 huko Samunge, Loliondo, walirudi na tumaini, na baadhi yao wakaacha dawa zao za hospitali. Nyungu nayo, kwa mwenye joto la ghafla, ni kuongeza moto kwenye moto, achilia mbali kuungua kwa mvuke.

Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, iliyounda Baraza linalosajili waganga na dawa zao. Muhimbili ina Taasisi ya Tiba Asili, ambayo mizizi yake ni kitengo cha utafiti cha mwaka 1974. Mteja ana haki ya kuuliza cheti cha usajili kabla ya kulipa, na mganga anayekasirishwa na swali hilo amekwisha kujibu.

Kungwi wa Kibaha au Kisarawe anayesoma makala haya aliwahi kuwafunda wali wakati wao ulipofika. Wali hao sasa wana miaka hamsini. Awaite tena.