Ile mistari ya ./configure ilitoka wapi?

Jana usiku nilikuwa maabara na kazi ya somo la kompyuta. Nikaandika ./configure, mashine ikaanza kujiuliza maswali: kuna hiki? ndiyo. Kuna kile? hapana. Mistari inashuka tu. Rumeti wangu akasema zima hiyo, inakupotezea muda. Nikaenda kusoma historia yake, na jamani, tumwonee huruma aliyeianzisha.

Miaka ya 1980 Unix haikuwa moja. Kulikuwa na BSD ya Berkeley, System V ya AT&T, halafu kila kampuni ya mashine inaongeza la kwake. Kutafuta herufi ndani ya maandishi, BSD wanaita index, wenzao strchr. Kunakili data, huku bcopy, kule memcpy, na kituko ni kwamba bcopy inataka inakotoka kwanza, memcpy inataka inakokwenda kwanza! Basi programu ndogo kama cp, imeandikwa vizuri kabisa kwa C, ukiihamisha inagoma.

Dawa ya zamani ilikuwa kuandika majina: mashine ikiwa Sun fanya hivi, ikiwa HP fanya vile. Likitoka toleo jipya, orodha imeshachacha.

Juni 1991 David MacKenzie alikuwa anatunza programu nyingi za GNU. Mtumiaji alilazimika kuchagua vitu kama 20 kwenye Makefile, na yeye kila toleo alijaribu kwenye mifumo kibao. Akachoka. Akaandika skripti ndogo ya kubahatisha mipangilio, akaitoa na fileutils 2.0. Mwezi uliofuata akatengeneza nyingine kwa mkono kwa programu nyingine. Sasa kosa moja unalirekebisha mara ngapi? Ndipo ikazaliwa Autoconf, inayotengeneza skripti zenyewe.

Nilichokipenda: haitegemei jina la mfumo. Inaandika kijiprogramu kinachoita memcpy, inakikompaili, kikipita, ipo. (Sisi wa ualimu tunajua, usimuulize mtoto katoka shule gani, mpe swali.)

Ila rumeti ana hoja. memcpy iko kwenye kiwango cha C tangu 1989, na bado kuna skripti zinaiulizia. Jana maswali yalichukua muda kuliko kukompaili kwenyewe. Yalipoisha nikaandika make, ikapita mara ya kwanza, kwenye mashine ambayo mwandishi wake hajawahi kuiona.